Picha kama Ushahidi: Historia ya Utambuzi wa Nondo Mwewe na Viwavi Wao

1.0 Utangulizi

Vitabu vingi vya biolojia husimulia kisa kimoja kuhusu nondo wa Madagaska, kisiwa ambacho mabaharia wa pwani yetu walikiita Bukini. Kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka 1862 Charles Darwin alitabiri kuwapo kwa nondo mwenye ulimi mrefu kupita kiasi. Mwaka 1903 nondo huyo akapatikana. Utabiri ukawa umethibitishwa. Masimulizi haya hayana uongo wa wazi. Hata hivyo, yanaikunja kazi ya zaidi ya miaka 130 katika sentensi tatu, na katika kukunja huko yanaficha swali ambalo mwanahistoria wa sayansi hana budi kuliuliza: ni jambo gani hasa lililothibitishwa mwaka 1903, na kwa ushahidi wa aina gani?

Insha hii inatetea hoja kwamba kilichopatikana mwaka 1903 kilikuwa umbo, wala si tendo. Wataalamu walipata mwili wa nondo wenye ulimi mrefu. Hawakupata ushahidi kwamba nondo huyo hulizuru ua ambalo Darwin alilizungumzia. Ushahidi wa tendo ulihitaji picha, na picha hiyo ilichelewa kwa takriban miaka 90. Nitaonyesha pia kwamba tofauti hii kati ya umbo na tendo haikuanza na okidi ya Darwin. Ilikuwapo tangu karne ya 17, wachoraji walipojaribu kuonyesha kwamba kiwavi fulani na nondo fulani ni kiumbe kimoja.

Kuhusu istilahi, Kiswahili cha kila siku huwaita wadudu hawa nondo tu, pamoja na nondo wengine wote. Hapa nitatumia jina nondo mwewe kwa wale wa familia ya Sphingidae, yenye spishi zaidi ya 1,400 duniani. Mwili wao ni mnene na umechongoka nyuma, mabawa ya mbele ni marefu na membamba, na wengi wao huweza kusimama hewani mbele ya ua huku wakifyonza mbochi, yaani majimaji matamu ya ua. Kiwavi wao kwa kawaida hana manyoya, na huwa na pembe moja juu ya sehemu ya nyuma ya mwili. Neno kiwavi lenyewe linatukumbusha kuwashwa, na watu wengi huiogopa pembe hiyo wakidhani ni mwiba wa sumu. Pembe haichomi. Nitaita kinywa kirefu cha nondo ulimi, na mfuko mrefu wa ua unaohifadhi mbochi nitauita mrija, ili msomaji asivichanganye viwili hivi ambavyo urefu wake ndio kiini cha mjadala.

2.0 Kiwavi na nondo: viumbe wawili wenye jina moja

Ugumu wa kwanza wa kuwatambua nondo mwewe ni kwamba mtafiti hukutana na viumbe wawili wasiofanana hata kidogo. Mmoja hutambaa juu ya majani mchana na kuyatafuna. Mwingine huruka usiku na kunywa. Kati yao kuna pupa aliyefukiwa ardhini, asiyeonekana na mtu. Hakuna alama ya rangi wala ya umbo inayomwezesha mtu aliyemwona kiwavi tu kukisia sura ya nondo atakayetokea. Njia ya kuwaunganisha ilikuwa moja: kumfuga kiwavi, kumlisha majani yake, na kungoja.

Johannes Goedaert (1617–1668), mchoraji wa mji wa Middelburg nchini Uholanzi, ni miongoni mwa watu wa kwanza kuifanya kazi hii kwa utaratibu na kuichapisha pamoja na michoro. Lakini aliyeibadilisha michoro kuwa hoja ni Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647. Alianza kufuga viwavi wa hariri akiwa na umri wa miaka 13, kisha akahamia viwavi wa aina nyingine. Mwaka 1679 alichapisha sehemu ya kwanza ya kitabu chake kuhusu viwavi, chenye mabamba 50 ya picha, na mwaka 1683 sehemu ya pili yenye idadi ileile. Mwaka 1699 alisafiri kwenda Surinam pamoja na binti yake Dorothea, akarudi mwaka 1701, na mwaka 1705 akatoa kitabu chake kikubwa kuhusu wadudu wa nchi hiyo, chenye mabamba 60. Nondo mwewe wamo humo pamoja na viwavi wao.

Jambo la kuzingatia ni mpangilio wa picha zake. Katika ukurasa mmoja Merian alimweka kiwavi, pupa, nondo aliyekamilika, na mmea ambao kiwavi huula. Kwa macho ya leo ukurasa kama huo unapendeza, na wahakiki wengi wameishia kuusifu uzuri wake. Mimi nausoma kama ripoti ya jaribio. Unamwambia msomaji: nilimkuta huyu juu ya mmea huu, nikamlisha, akawa huyu. Picha haikuwa pambo la maandishi. Maandishi mafupi yaliyoambatana nayo ndiyo yaliyokuwa ufafanuzi wa picha. Na kwa kuwa ulikuwa ushahidi, uliweza pia kukosea. Katika baadhi ya mabamba ya Surinam kiwavi amewekwa pamoja na mdudu asiye wake, na wataalamu wa baadaye waliyabainisha makosa hayo. Kuweza kukosolewa kwa namna hiyo ni dalili kwamba mabamba yalikuwa yakidai jambo fulani kuhusu maumbile, tofauti na picha za maua zilizochorwa ili kutundikwa ukutani.

Tusilipite suala la nani aliyekusanya. Merian mwenyewe aliandika kwamba watumwa wa asili ya Kiafrika na wenyeji wa Surinam walimletea wadudu na kumweleza matumizi ya mimea. Alirudi Uholanzi pamoja na mwanamke mmoja mwenyeji wa huko. Majina yao hayamo kwenye mabamba. Msimulizi wa historia ya utambuzi wa viwavi akimtaja mchoraji peke yake, basi amewaacha watu waliojua ni jani gani la kutazama.

Nusu karne baadaye Carl Linnaeus alitoa toleo la kumi la Systema Naturae (1758), akawagawa vipepeo na nondo wote katika makundi matatu: Papilio, Sphinx na Phalaena. Jina Sphinx lina uhusiano na kiwavi, wala si na nondo: viwavi wengi wa kundi hili wakishtuliwa huinua sehemu ya mbele ya mwili na kuinamisha kichwa, mkao unaofanana na ule wa sanamu mashuhuri ya Misri. Baadhi ya nondo mwewe wanaojulikana sana Afrika Mashariki walipewa majina katika kitabu hicho hicho: Agrius convolvuli, ambaye kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu, Daphnis nerii, ambaye kiwavi wake hula mwoleanda, na Acherontia atropos, mwenye alama mgongoni inayofanana na fuvu la kichwa cha mtu. Linnaeus aliwapa jenasi Sphinx wote watatu. Kwa hiyo kundi zima lilipata jina kutokana na mkao wa kiwavi, ilhali kwa miaka mingi iliyofuata makumbusho za Ulaya zilikusanya nondo waliokamilika na kuwaacha viwavi.

Sababu ya kuwaacha ilikuwa ya kiufundi. Nondo aliyekufa hukauka, huchomwa pini, hutandazwa mabawa, na akihifadhiwa mahali pakavu pasipo mwanga hubaki na sehemu kubwa ya rangi zake kwa zaidi ya karne. Kiwavi aliyekufa huoza. Akitiwa katika pombe, rangi ya kijani hutoweka, na mistari na madoa ambayo ndiyo alama za utambuzi hufifia. Walijaribu pia kumtoa matumbo na kumpulizia hewa ya moto ili ngozi ikauke ikiwa imejaa. Matokeo yalikuwa ganda lenye umbo la kiwavi na rangi isiyoaminika. Ndiyo maana picha ya kiwavi haina daraja moja na picha ya nondo. Picha ya nondo ni nakala ya kitu kilichomo kabatini, na mwenye shaka anaweza kulifungua kabati. Picha ya kiwavi, kwa upande wa rangi, mara nyingi ndiyo kumbukumbu pekee iliyopo.

3.0 Okidi ya 1862 na picha ya nondo asiyewahi kuonekana

Okidi iitwayo Angraecum sesquipedale ilijulikana na wataalamu wa Ulaya kupitia Mfaransa Louis-Marie Aubert du Petit-Thouars, aliyeieleza katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1822. Neno sesquipedale kwa Kilatini lina maana ya futi moja na nusu. Maua yake ni meupe, makubwa, yenye umbo la nyota, na hutoa harufu kali usiku. Nyuma ya ua huning'inia mrija mwembamba wa kijani.

Januari 1862 Darwin alipokea maua hayo kutoka kwa James Bateman, mkuzaji mashuhuri wa okidi wa Uingereza. Mwezi Mei mwaka huohuo alichapisha kitabu chake kuhusu jinsi okidi zinavyochavushwa na wadudu. Alieleza kuwa mrija wa ua alilolipima ulikuwa na urefu wa inchi 11 na nusu, yaani sentimita 29 hivi, na kwamba mbochi ilikuwamo katika inchi moja na nusu ya mwisho tu. Hakuridhika na kuupima mrija. Alichukua kijiti chembamba cha duara, akakiingiza katika ua, akakisukuma mpaka mwisho na kukitoa; na ni kwa njia hiyo tu alipofanikiwa kuondoa vifurushi vya chavua vilivyonata. Akahitimisha kwamba Madagaska lazima pawe na nondo wenye ndimi zinazoweza kunyooka kufikia inchi 10 hadi 11, na kwamba nondo kama hao wakitoweka, okidi hiyo nayo itatoweka.

Tuuangalie utabiri huo kwa makini. Una sehemu mbili. Ya kwanza inahusu umbo: yupo nondo mwenye ulimi wa urefu fulani. Ya pili inahusu tendo: nondo huyo huusukuma ulimi wake mpaka chini ya mrija, na kwa kusukuma huko vifurushi vya chavua humganda. Kwa Darwin sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito, kwa sababu ndiyo iliyoeleza jinsi ua na nondo wanavyoweza kurefushana kizazi baada ya kizazi. Ua lenye mrija mfupi kuliko ulimi halimlazimishi nondo kugusa chavua. Nondo mwenye ulimi mfupi kuliko mrija hapati mbochi yote.

Mwaka 1867 Duke wa Argyll aliitumia okidi hiyohiyo katika kitabu chake The Reign of Law kudai kwamba maumbile ya ajabu kiasi hicho ni kazi ya moja kwa moja ya Muumba. Alfred Russel Wallace alimjibu mwezi Oktoba mwaka huohuo katika Quarterly Journal of Science. Wallace alikwenda Makumbusho ya Uingereza na kupima ndimi za nondo waliokuwamo kabatini. Nondo mmoja wa Amerika ya Kusini alikuwa na ulimi wa inchi 9 na robo. Mwingine wa Afrika ya kitropiki, aliyeitwa wakati huo Macrosila morganii, alikuwa na ulimi wa inchi 7 na nusu, karibu sentimita 19. Akaandika kuwa nondo mwenye ulimi uliozidi hapo kwa inchi mbili tatu angeufikia mwisho wa mrija, na kwamba wanaasili wanaokwenda Madagaska wamtafute kwa imani ileile ambayo wanafalaki waliitafuta nayo sayari ya Neptuni, iliyoonekana mwaka 1846 baada ya kukokotolewa kwa hesabu.

Makala hayo yalikuwa na picha. Mchoraji Thomas William Wood alimchora nondo mwewe akiwa hewani mbele ya ua la Angraecum, ulimi wake mrefu ukielekea kwenye mrija. Nondo huyo hakuwa amewahi kuonekana na mtaalamu yeyote. Katika mfululizo wa picha tunazozichunguza, hii ndiyo ya pekee iliyotangulia kitu chenyewe. Merian alichora alichokifuga. Wood alichora alichoambiwa kuwa lazima kipo. Na Wood hakuchora umbo lililotandazwa kama sampuli ya makumbusho, bali tendo. Kwa bahati au kwa kuielewa hoja, mchoro wake uliweka wazi ni ushahidi gani ungehitajika ili utabiri ukamilike.

Kuna jambo jingine ambalo masimulizi ya kawaida hayalitaji sana. Nondo wa Afrika ambaye Wallace alimpima alikuwa amekwisha kuelezwa na Francis Walker mwaka 1856, miaka sita kabla ya kitabu cha Darwin. Ndugu wa karibu wa nondo aliyetabiriwa alikuwa ndani ya droo mjini London muda wote ambao wataalamu wa wadudu walikuwa wakiukejeli utabiri. Katika toleo la pili la kitabu chake, mwaka 1877, Darwin aliikumbuka kejeli hiyo, akataja taarifa mpya kutoka Brazili: mwaka 1873 Hermann Müller alikuwa ameandika katika jarida la Nature kwamba ndugu yake Fritz amempata huko nondo mwenye ulimi wa inchi 10 hadi 11. Ndimi za urefu huo, basi, zilikuwapo duniani. Hazikuwa zimepatikana Madagaska.

4.0 Tring, 1903

Walter Rothschild na Karl Jordan walifanya kazi katika makumbusho ya Rothschild mjini Tring, Uingereza. Mwaka 1903 walichapisha kitabu kikubwa kilichoipanga upya familia yote ya Sphingidae. Mbinu yao ilikuwa kukusanya sampuli nyingi za kila spishi kutoka kila nchi, kuchunguza viungo vya uzazi chini ya hadubini, na kuitenga kila jamii ya kijiografia kwa jina la tatu. Kwa mbinu hiyo nondo wa Walker aliwekwa katika jenasi Xanthopan, na wale wa Madagaska wakaitwa Xanthopan morganii praedicta. Jina la tatu lina maana ya aliyetabiriwa.

Hapa ndipo kisa cha vitabuni huishia, na hapa ndipo pa kusitia. Sampuli iliyochomwa pini ni ushahidi bora wa umbo. Ulimi wake unaweza kunyooshwa na kupimwa, viungo vyake vinaweza kuchunguzwa tena na tena na watu wasioaminiana. Lakini ulimi mrefu peke yake unathibitisha uwezekano tu: nondo huyu angeweza kuufikia mwisho wa mrija. Hauthibitishi kwamba huufikia. Nondo mwenye ulimi mrefu anaweza kunywa katika maua ya aina nyingi, yakiwamo yenye mirija mifupi. Rothschild na Jordan walitoa jina lililobeba utabiri, na jina hilo likafanya kazi ambayo ushahidi ulikuwa haujaifanya. Kwa maoni yangu, hii ndiyo sababu kubwa ya kisa kufupishwa: msomaji akishaona neno praedicta, haulizi tena.

5.0 Picha ya tendo

Kwa nini tendo lilichelewa kuonekana? Nondo huruka usiku, msituni, kwa kasi kubwa, na hukaa mbele ya ua kwa muda mfupi sana. Okidi yenyewe huota juu ya miti na huchanua kwa msimu. Kamera ya mwaka 1903, iliyohitaji mwanga mwingi na kitu kilichotulia, haikuwa na msaada hapo. Taa ya mmweko wa umeme, ambayo Harold Edgerton wa Marekani aliiendeleza katika miaka ya 1930, ndiyo iliyoweza kusimamisha mabawa yanayopiga hewa. Ilichukua muda mrefu zaidi kwa kifaa hicho kuwa chepesi kiasi cha kubebwa msituni.

Mwaka 1992 Lutz Wasserthal wa Chuo Kikuu cha Erlangen, Ujerumani, alifanya kazi yake Madagaska na kupiga picha za Xanthopan akilizuru ua la Angraecum sesquipedale. Alitumia nondo waliokamatwa na kuachwa waruke ndani ya banda la wavu lenye maua hayo. Picha zilimwonyesha nondo akikaribia, akiingiza ulimi, na kuondoka na vifurushi vya chavua vikiwa vimeganda karibu na shina la ulimi. Alichapisha matokeo kwa kirefu mwaka 1997. Mwanzoni mwa karne hii, filamu iliyopigwa usiku na Philip DeVries ilimwonyesha nondo huyo katika ua la okidi hiyo nje ya banda. Mchoro wa Wood ulikuwa umepata mwenzake wa kweli.

Hata hivyo, picha za Wasserthal hazikumaliza mjadala, zilifungua mwingine. Alipozichunguza picha za nondo mwewe mbalimbali wakiwa hewani, aliona kwamba ulimi mrefu humweka nondo mbali na ua, na kwamba baadhi yao huyumba huku na huku wanapokunywa. Akapendekeza kwamba ndimi zilirefuka kwanza kama kinga dhidi ya buibui na wawindaji wengine wanaojificha kwenye maua, kisha okidi zikarefusha mirija kuzifuata. Maelezo hayo yanakinzana na yale ya Darwin ya kurefushana. Upande wa Darwin una jaribio la Anders Nilsson wa Sweden, aliyeifupisha mirija ya okidi za Ulaya kwa makusudi na kuonyesha, katika makala yake ya mwaka 1988, kwamba uchavushaji wake ulipungua. Jaribio la Nilsson linaeleza kwa nini mrija hurefuka. Halielezi kwa nini ulimi hurefuka, na ulimi ndio ambao Wasserthal anauzungumzia. Kwa hiyo siuoni ubishi huu kuwa umekwisha. Ninachosisitiza ni kwamba hoja ya Wasserthal isingeweza kuzaliwa kabatini. Umbali kati ya kichwa cha nondo na ua hauna alama yoyote katika sampuli iliyokauka.

6.0 Afrika Mashariki: shamba, ua na kiwavi

Kwa upande wa bara letu, kazi ya msingi ni katalogi ya nondo mwewe wa Afrika ya Robert Carcasson, aliyekuwa katika Makumbusho ya Coryndon mjini Nairobi, ambayo baadaye ikawa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilichapishwa mwaka 1968 katika jarida la Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki, pamoja na maelezo ya spishi za eneo hili. Ni kazi ya kabati kwa maana bora ya neno hilo, na wanaotambua nondo mwewe wa Kenya, Uganda na Tanzania wameitegemea kwa muda mrefu.

Utafiti wa tendo ulikuja baadaye. Dino Martins na Steven Johnson walichapisha mwaka 2007 uchunguzi wao kuhusu okidi za Kenya zenye mirija mirefu na nondo mwewe wanaozichavusha. Waligundua kwamba utamu wa mbochi huongezeka kadiri mtu anavyokwenda chini ya mrija, kwa hiyo nondo ana sababu ya kuusukuma ulimi hadi mwisho. Mwaka 2009 walionyesha kwamba nondo mwewe ndio wachavushaji wakuu wa mapapai yanayolimwa Kenya, na kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye uoto wa asili huathiri uchavushaji huo.

Matokeo haya yanalipa suala la utambuzi uzito usio wa kitaaluma pekee. Agrius convolvuli yumo miongoni mwa nondo wanaozuru maua jioni. Kiwavi wake yumo miongoni mwa waharibifu wa viazi vitamu. Mkulima mwenye mipapai upande mmoja na matuta ya viazi upande mwingine humwona kiwavi na kumwua, na humwona nondo na kumpuuza, asijue kwamba ni kiumbe kilekile. Viwavi wa nondo wengine wanaochavusha mipapai huishi juu ya magugu na vichaka ambavyo husafishwa ili shamba lionekane nadhifu. Tatizo alilolikabili Merian, kuwaunganisha viumbe wawili wenye jina moja, bado liko shambani.

Kamera ya simu imewapa watu wengi uwezo wa kuweka kumbukumbu za viumbe hawa, na imeleta makosa yake. Nondo mwewe aliyetua hufunika mabawa ya nyuma kwa mabawa ya mbele. Kwa Agrius convolvuli mikanda ya waridi pembeni mwa tumbo hufichika. Kwa Hippotion celerio msingi wa waridi wa bawa la nyuma haubaki kuonekana, ingawa mstari wa rangi ya fedha wa bawa la mbele hubaki. Kwa Acherontia atropos manjano ya mabawa ya nyuma hupotea, ila fuvu la mgongoni humtoa mafichoni. Vitabu vya zamani viliwaonyesha nondo waliotandazwa, mkao ambao nondo hai haukai kamwe. Kwa hiyo mtu mwenye picha ya nondo hai na kitabu chenye nondo mfu hulinganisha vitu viwili visivyolingana, na hukosea bila uzembe wowote. Picha ya pili, inayopigwa pale nondo anaposhtuka na kufungua mabawa, mara nyingi ndiyo inayoamua.

Kwa kiwavi mambo ni magumu zaidi. Kiwavi wa Agrius convolvuli anaweza kuwa wa kijani au wa kahawia iliyokoza. Yule wa Acherontia anaweza kuwa wa manjano, wa kijani au wa kahawia. Pembe hubadilika umbo kila kiwavi anapojivua ngozi, na wengi hubadilika rangi siku chache kabla ya kuingia ardhini: kiwavi wa kijani wa Daphnis nerii, anayetambulika kwa madoa mawili ya buluu na meupe yaliyo kama macho, huwa wa kahawia anaposhuka kutafuta mahali pa kuwa pupa. Rangi peke yake, basi, haitoshi. Picha yenye thamani ya ushahidi humwonyesha kiwavi kwa ubavu, ili pembe, mistari na matundu ya kupumulia yaonekane, na huonyesha jani analolila likiwa bado kwenye tawi. Wapigapicha wengi hulikata tawi, humgeuza kiwavi aliyekuwa ananing'inia kichwa chini, na kumweka juu ya meza nyeupe. Picha hutoka safi, na nusu ya taarifa imekwisha kupotea. Merian asingeikubali.

Tena, picha ya kiwavi bila kumfuga hadi awe nondo hubaki kuwa dai. Anaweza kutoka nyigu badala ya nondo, jambo ambalo Merian alilishuhudia na kulichora. Hilo nalo ni taarifa, mradi mtafiti aliweka tarehe na jina la mmea.

Suala la Xanthopan lilirudi mwaka 2021. Joël Minet na wenzake, wakitumia DNA, maumbo ya mabawa na ya viungo vya uzazi, na rangi ya upande wa chini wa mwili, walimpandisha nondo wa Madagaska kutoka nususpishi kuwa spishi kamili, Xanthopan praedicta. Mmoja wa nondo hao alipimwa ulimi wa sentimita 28.5, ndani kabisa ya kiwango kinachotakiwa na mrija uliomshangaza Darwin. Upande wa chini wa mwili ndio ambao picha ya kawaida, inayopigwa kutoka juu, haiuonyeshi. Picha za mwaka 1992 zilibadilika jina bila kubadilika hata nukta moja.

Mabadiliko hayo yanatugusa. Xanthopan wa bara yupo Kenya na Tanzania, na kiwavi wake hula majani ya mitopetope na jamaa zake wa familia ya Annonaceae. Jina lake ni Xanthopan morganii, lile alilopewa na Walker mwaka 1856, na ulimi wake ni wa aina ile ambayo Wallace aliipima na kuiona fupi. Picha za kiwavi huyo kutoka pwani yetu, au za nondo wake akiwa ametua ukutani karibu na taa, zimewahi kutumika kueleza kisa cha Darwin kana kwamba ni za nondo aliyetabiriwa. Tangu 2021 picha hizo zinahitaji maelezo mapya: hizi ni picha za ndugu yake, yule aliyekuwa kwenye droo.